Maji Yaliyompandisha Wandera

Niliondoka nyumbani Budalang'i kwa sababu mama yangu alikataa kuamini sauti.

Mdogo wangu Wandera anaishi Durban, Afrika Kusini, na huu ni mwaka wake wa nane huko. Kazi yake ni kulinda loki. Wengi wenu mmeniuliza loki ni kitu gani, nami nimekuwa nikijibu ovyo kwa sababu sikuwa nimeiona. Sasa nimeiona, basi nieleze. Chini ya kilima kirefu kinachoitwa Bluff kuna kijito kinachoingia kwenye ghuba ya bandari. Maji yakipwa, upande ule wa ghuba hubaki tope tupu, mashua zikalala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Kwa hiyo wenye mashua wana bwawa lao kwenye kijito hicho, ambalo maji yake hayashuki, na kati ya bwawa na ghuba kuna chumba kirefu cha zege, kina mlango wa chuma huku na mlango wa chuma kule. Mashua inayotoka huingia chumbani, mlango wa nyuma ukafungwa, maji yakapunguzwa taratibu mpaka yalingane na ya nje, ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa. Inayorudi hupandishwa kwa njia hiyo hiyo. Chumba hicho na milango yake ndiyo loki, na Wandera ndiye anayefungua na kufunga.

Mwezi wa pili simu iliita tukiwa tunapalilia. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, Mrundi kwa jina la Espérance, jirani yake Wandera.

"Dada, usiogope," akasema. "Ndugu yako alianguka kwa maji. Lakini iko muzima. Iko hospitali."

Siku ya tatu Wandera mwenyewe alizungumza kupitia simu ya huyo Espérance, simu ndogo isiyoonyesha picha. Sauti ilikuwa ya mzee, imekwaruzwa, inakatika kila baada ya maneno mawili. Nilimpa Mama simu. Alisikiliza, akauliza jina la fahali tuliyemuuza alipokwenda sekondari, akajibiwa sawasawa, kisha akanirudishia simu.

"Huyu si mwanangu," alisema. "Jina la ng'ombe mtu anaweza kuambiwa."

Msimwone mama yangu kuwa mgumu. Kijijini kwetu kuna nyumba iliyoambiwa kwa simu, wiki nzima, kwamba kijana wao anaendelea vizuri huko ughaibuni, mpaka siku jeneza lilipofika. Tangu siku hiyo Mama haamini habari njema inayotoka mbali. Hakula jioni ile. Asubuhi aliniambia, "Nabwire, nenda ukamguse."

Pasipoti nilikuwa nayo. Kanisa na ndugu wakachanga nauli. Nilipokuwa nangoja gari la Kisumu, mwenyekiti wa kamati yetu ya mfereji alinijia na baiskeli yake. Mnajua ubishi tuliokuwa nao: kama lango la mfereji wa mpunga linahitaji mlinzi wa kudumu, au kama Makokha, mlinzi wetu, anakaa pale kivulini bure na kila mkulima angeweza kujifungulia. Mwenyekiti alinipa pole, kisha akasema bila aibu, "Ukimkuta mzima, muulize huko kwao mlinzi wa lango ana faida gani." Nilimkasirikia njia nzima mpaka Kisumu.

Nairobi nilipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Sitawachosha na habari za ndege, maana niliikalia kama mtu aliyekalia kiti cha kinyozi, nimefumba macho. Johannesburg afisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini.

"Kumwona ndugu yangu kama yuko hai," nikamjibu.

Aliniangalia kidogo, akagonga muhuri, akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili.

Kutoka Johannesburg nilichukua basi la asubuhi. Kwa saa nyingi nchi ilikuwa tambarare, mahindi mpaka macho yanachoka, na barabara nyoofu kama uzi wa mwashi. Halafu bila kutuandaa ardhi ikakatika. Tulianza kuteremka milima kwa mizunguko, malori yakinguruma mbele yetu, na ukungu ukipita dirishani. Kila tuliposhuka, joto lilipanda. Nilivua sweta, kisha kitambaa cha shingoni. Baadaye vilima vikawa vya kijani, nyumba za rangi rangi zimetawanyika juu yake, na harufu ya miwa ikaingia ndani ya basi. Watu walianza kuamka na kujinyoosha. Mimi nilianza kuogopa upya, kwa sababu njiani unaweza kujiambia lolote, lakini mwisho wa barabara kuna jibu moja.

Durban nilishuka mchana, jua likiwa kali. Sikuwa nimemtumia Espérance picha yangu, lakini alinijia moja kwa moja katikati ya watu wote, mwanamke mnene mwenye kitenge cha njano.

"Ni wewe Nabwire. Paji la uso ni lile lile," alisema, akanikumbatia. Aliuona uso wangu ulivyokuwa, akaendelea haraka, "Sikiliza kwanza mbele ya kupanda gari. Jana walimutoa hospitali. Iko nyumbani. Leo asubuhi alikula sombe yangu, majani ya muhogo, na alilalamika chumvi haitoshi."

Nilicheka, kisha nikakaa juu ya begi langu pale pale. Espérance alisimama kando yangu akinikinga na wapita njia mpaka nilipoweza kuinuka.

Tulipanda taxi, ambayo huko ni gari dogo la abiria, likatupandisha mlima wa Berea. Upande wa nyuma niliona bahari ikizidi kuwa pana kadiri tulivyopanda. Overport ni mtaa wa magorofa ya zamani na maduka ya nguo yanayotazamana barabarani. Espérance alimwambia dereva, "After robot, driver," nami nikashangaa roboti inafanya nini barabarani, kumbe ndivyo wanavyoziita taa za magari.

Ghorofa ya pili mlango ulikuwa wazi. Wandera alikuwa ameketi kwenye kochi, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa cha hospitali, amekonda mashavu. Alitaka kusimama, nikamzuia. Nilimgusa paji, nikamgusa masikio, nikamshika kidevu kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa mdogo nikimnawisha uso.

"Dada," alisema kwa sauti ile ile mbovu ya kwenye simu, "unaninunua?"

Nilipiga simu nyumbani kwa picha. Mpwa wangu alimshikia Mama simu usoni. Nilimwonyesha Wandera, kisha nikaweka mkono wangu juu ya kichwa chake ili Mama auone. Alisogeza uso karibu na kioo cha simu. Halafu akasema, "Mbona hujanyoa?" Akaondoka mbele ya simu, na tukasikia, mbali kidogo, mwanamke wa miaka sabini na kitu akilia kwa sauti. Wandera aliinamisha kichwa. Espérance akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Siku zilizofuata nilipika, nikafua, nikampeleka kliniki. Bega lilikuwa limeteguka na kurudishwa, na mapafu yalikuwa yameingiwa na maji machafu. "Docteur alisema poumon zake zilikuwa na uchafu," Espérance alinieleza, "lakini sasa anapumua muzuri." Sauti, daktari alisema, ingerudi yenyewe.

Kitu kimoja kilinisumbua. Wandera hakutaka kusimulia alivyoanguka. Nilipouliza alisema, "Niliteleza. Nikapanda ngazi nikatoka." Hayo tu. Taxi yetu ilipopita barabara ya bandarini, yeye aligeuza uso upande wa majumba. Na tena nikajiuliza: ngazi alipandaje na bega lililoteguka?

Siku ya Alhamisi mgeni alibisha hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mzulu, mikono yake imekauka kwa jua na chumvi, amebeba samaki kwenye mfuko. Jina lake Nomusa. Ana mashua ndogo anayowapelekea wavuvi wa starehe ghubani. Aliponiona alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema kwa Kiingereza, "Kwa hiyo wewe ndiye dada. Eish, mdogo wako alinitia hofu."

Nilimwona Wandera akimkonyeza. Nomusa hakuelewa, au alielewa akaamua kutojali. Alikaa, akaomba maji, akasimulia.

Ilikuwa imenyesha sana juu milimani. Kile kijito kilifurika, kikaleta matete, chupa za plastiki na magogo, vikaingia mpaka ndani ya loki. Wandera alikuwa peke yake zamu ile, kwani zamani walinzi walikuwa wawili kila zamu, wakapunguzwa. Alifungua matundu yaliyo chini ya mlango wa upande wa ghuba ili maji yatoke na uchafu utoke nayo. Gogo moja likakwama. Alitembea juu ya mlango, kwenye kidaraja chembamba cha chuma, akalisukuma kwa upondo. Gogo likageuka ghafla, upondo ukamvuta, akaanguka ndani ya chumba, upande ambao maji yalikuwa yakikimbilia kwenye matundu.

"Nilikuwa nafunga kamba ya mashua yangu," Nomusa alisema. "Nilisikia chuma kikilia. Nilipofika ukingoni nilimwona. Maji yalikuwa yanamvuta chini ya mlango, amebanwa pale, kichwa kinaingia na kutoka. Kelele zangu hazingemsaidia. Nilikimbia kwenye kisanduku cha vitufe nikafunga matundu."

"Ulijuaje kitufe?" niliuliza.

Aliniangalia kwa mshangao. "Yeye ndiye aliyenifundisha."

Wandera alikuwa ameinamia mkono wake uliofungwa.

Nomusa aliendelea. Matundu yalipofunga, mvuto ukaisha, naye akamtupia boya lenye kamba. Wandera alilishika kwa mkono mmoja. Lakini maji ya chumbani yalikuwa yameshuka sana, ukuta umekuwa mrefu juu yake, na kwa mkono mmoja hakuweza kupanda ngazi iliyo ukutani. Nomusa hakuweza kumvuta mtu mzima peke yake, na wavuvi wake wawili walikuwa ndio kwanza wanakuja mbio kutoka upande wa pili. Basi akafanya kile loki inachofanya kila siku. Alifungua matundu ya upande wa bwawa, kidogo tu, maji yakaanza kuingia polepole. "Nilikuwa namwambia, shika, shika, usiachie, unakuja juu. Na akaja juu. Maji yale yale yakampandisha kama mashua. Alipofika karibu na ukingo wavuvi walimshika shati."

Nilikuwa nimeshika glasi ya maji aliyoomba muda wote ule bila kumpa. Niliiweka chini, nikampigia Nomusa magoti, kwa desturi yetu. Aliona haya, akaniinua, akasema samaki wataoza.

Alipoondoka nilimgeukia Wandera. "Kwa nini ulisema ulitoka mwenyewe?"

"Kwa sababu hairuhusiwi, dada. Kanuni inasema hakuna mtu mwingine kugusa vitufe. Wakijua nilimfundisha mtu wa nje, watanifukuza. Na sasa hivi wanatafuta sababu. Jumamosi wenye mashua wanakutana kuamua kama walinzi waendelee au waondolewe kabisa."

"Sasa ulimfundisha kwa nini?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Ili nipate kula. Zamu nzima uko peke yako, dada. Ukienda kuchemsha chai, mashua inapiga honi. Ukienda msalani, honi. Nikaona Nomusa ni mtu mwangalifu, nikamwonyesha. Akawa ananisaidia mimi nikila mkate."

Nilitaka kumkaripia, nikakuta nacheka. Mdogo wangu alikuwa hai kwa sababu ya njaa yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tulishuka Bluff pamoja, na Espérance akafunga kibanda chake cha viatu akaja nasi, akisema hawezi kumwacha mugonjwa aende kwa watu wakubwa bila famille. Hapo ndipo nilipoiona loki kwa macho. Ni ndogo kuliko nilivyodhani. Milango yake imepakwa rangi ya kijani iliyobambuka, na kidaraja juu yake hakizidi upana wa benchi la kanisani. Nilichungulia chumbani. Maji yalikuwa meusi na yametulia, na ukuta ulikuwa na ute mpaka mbali chini. Nilirudi nyuma. Wandera hakukaribia kabisa, alisimama kwenye nyasi.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la mashua, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa Kihindi, mpole wa sauti, aliyempa Wandera pole mbele ya wote na kuniletea kiti mimi. Kisha maneno yakaanza. Mwanaume mmoja alisema jambo ambalo wengi waliliitikia kwa kichwa: vitufe viko, maandishi yanaweza kubandikwa, kila mwenye mashua ajipitishie. "Na tusisahau," akaongeza, "kama asingekuwepo mlinzi, asingeanguka mtu."

Niliumia, lakini kwa haki lazima niseme hakusema kwa ubaya. Alikuwa akimwangalia Wandera kwa huruma. Na nikiwa nimekaa pale, baada ya kuchungulia lile shimo, sehemu ya moyo wangu ilikubaliana naye. Nilitaka waseme kazi imekwisha, nimchukue ndugu yangu tukapande mpunga.

Wengine walisema kinyume. Mlinzi abaki, tena kanuni ikazwe, mtu mwingine asisogelee kabisa. Walibishana hivyo kwa muda, upande huu na upande ule, mpaka Nomusa aliposimama nyuma. Wandera alinong'ona, "Dada, ananimaliza."

"Mmeambiwa alipanda ngazi," Nomusa alisema. "Hakupanda. Mimi ndiye niliyefunga matundu, na mimi ndiye niliyempandisha. Alinifundisha yeye. Nasema mbele yake ili mkitaka kumfukuza mnifukuze na mimi."

Watu wakageuza viti kumtazama. Hata aliyekuwa akikoroga chai aliacha kijiko.

"Huyu anasema bila mlinzi asingeanguka mtu," Nomusa aliendelea. "Sawa. Lile gogo lingeondolewa na nani? Mimi sijui kuondoa gogo. Ningefika na wateja wangu, mlango umekwama nusu, maji yanatoka bwawani, mashua zenu zote ziko kwenye tope. Na nyinyi mnaosema asiguse mwingine: ningeifuata kanuni yenu siku ile, leo dada yake angekuwa hapa na jeneza. Mimi nimemaliza."

Aliketi. Espérance, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni tu, aliniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia amesema kweli.

Mwenyekiti alimgeukia Wandera. "Ni kweli ulimfundisha?"

"Ni kweli, bwana," Wandera alijibu. Sauti yake mbovu ilifanya watu wote wainame mbele ili wasikie. "Nilimfundisha ili nipate nafasi ya kula. Samahani kwa kuficha."

Mzee yule alivua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu. Alipoivaa tena alisema, "Tulipoondoa mlinzi wa pili, hakuna aliyeuliza huyu mmoja atakula saa ngapi. Hata mimi sikuuliza." Kisha akawaambia wenzake kwamba hatakubali kumfukuza mtu aliye hai kwa sababu alikosea kwa busara.

Hawakumaliza kila kitu siku ile, msinielewe vibaya. Walikubaliana walinzi wabaki, na wawe wawili msimu wote wa mvua. Walikubaliana kila mwenye mashua anayepita mara kwa mara afundishwe kufunga matundu na kutupa boya, na mtu yeyote asitembee juu ya mlango bila jaketi la kuokolea na mwenzake kumwangalia. Kuhusu msimu wa kiangazi, kijito kikiwa kidogo, walisema watakutana tena, na yule mwanaume wa kwanza bado aliamini vitufe vinatosha. Huenda miezi hiyo yuko sahihi. Wandera mwenyewe aliniambia ipo miezi ambayo hasukumi hata jani.

Baada ya mkutano watu walikunywa chai. Nilimtafuta Wandera nikamkosa. Nilimwona akiwa amesimama mwanzo wa kile kidaraja cha chuma, amevaa jaketi la rangi ya chungwa, Nomusa amesimama ukingoni na boya mkononi. Nilitaka kumwita. Espérance akanishika kiwiko. "Mwache," alisema. "Asipopita leo hatapita tena."

Aliweka mguu mmoja, akasimama. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika reli kwa nguvu. Nomusa alimwambia kitu kwa Kizulu, sikukielewa, lakini Wandera alicheka. Akaenda. Si kwa haraka, na katikati alisimama tena akatazama chini, mahali alipobanwa. Alipofika ng'ambo alikaa juu ya zege, akapumua, akatuangalia sisi tuliokuwa upande huu. "Sharp," Nomusa akasema, yaani safi, akaliangika boya mahali pake. Mimi ndiye niliyekuwa nimelowa jasho.

Njiani kurudi Overport Wandera alitazama bandari mpaka ikaisha. Nilimuuliza kwa nini asirudi nyumbani kabisa.

"Dada, watu wanaona kazi yangu ni kukaa," alisema. "Na kweli nakaa. Lakini mashua ikipiga honi, kuna mtu anatoka. Napenda kuwa huyo mtu." Alifikiri kidogo. "Ila sasa nitakula chakula changu nimekaa, kama binadamu."

Nilikaa Durban mpaka sauti yake iliporudi. Ilirudi kidogo kidogo, asubuhi kwanza, kisha siku nzima, na jioni moja niliisikia jikoni ikiimba wimbo wa kanisani kwetu, Espérance akiitikia kwa Kirundi. Hapo nikajua naweza kuondoka. Kituo cha basi Nomusa alinipa samaki mkavu wa njiani, Espérance akanipa viatu vya Mama bila kuniuliza namba, na Wandera akanibebea begi kwa mkono wa kushoto. Basi lilipopanda milima joto lilipungua, nikavaa tena sweta. Safari hii nilitazama kila kitu: vilima, ng'ombe, watoto wa shule wakivuka barabara. Kwenye ndege nilikaa dirishani nikala chakula chote nilicholetewa.

Nyumbani nilifika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Mama alinishika mikono yangu yote miwili, akaigeuza viganja juu. Ndiyo mikono iliyomgusa mwanawe. "Haya," alisema, "uje ule."

Kamati ya mfereji ilikutana wiki ile pale langoni, na mwenyekiti akaniuliza swali lake tena. Hasira ilikuwa imeniisha. Niliwasimulia kama nilivyowasimulia nyinyi. Niliwaambia sikuenda kujifunza habari za malango, nilikwenda kumtafuta ndugu yangu, lakini nimeona kwamba lango ambalo maji yake yanaweza kuua au kukausha shamba linahitaji mtu wa kulitazama, hasa wakati wa mvua. Na mtu huyo naye anahitaji kutazamwa. Tukimweka Makokha peke yake na kuwakataza wengine wote wasijue, tumemwekea mtego. Tukimwondoa na kusema kila mtu ajifungulie, siku ya gogo hakuna mtu.

Makokha alikuwa amekaa pembeni, kama kawaida yake haongei. Mwenyekiti alimuuliza anasemaje.

"Mimi," Makokha alisema, "nilikuwa naogopa kuwaonyesha. Nilidhani mkijua wote, mtaniondoa."

Hakuna aliyemcheka. Aliinuka, akatuita langoni, akaanza kutufundisha gurudumu linazungushwa vipi, mnyororo unafungwa wapi, na maji yakivuta mtu nini kifanywe kwanza. Nyumba zilizo karibu na mfereji zilituma kila moja watu wawili. Mama yangu, ambaye hakuna aliyemwita, alikuja na kusema naye atazungusha. Akazungusha, viatu vipya miguuni, na lango likashuka.

Mvua za masika zimeanza. Leo alfajiri nilizisikia zikija kutoka upande wa ziwa, nzito, na kwa mazoea nikaanza kutafuta kandambili zangu gizani, niende kuangalia lango. Halafu nikasikia Makokha akipita njiani akikohoa, na nyuma yake miguu ya mtu mwingine, wanaongea. Nikarudisha miguu kitandani, nikajifunika, nikalala mpaka kulipokucha.